Daraja Halifi kwa Uzito, Linakufa kwa Mshono

Kila daraja jipya linapozinduliwa nyumbani, simu zetu huku ughaibuni hujaa picha. Ilikuwa hivyo Aprili 2016 lilipofunguliwa Daraja la Nyerere kule Kigamboni, ikawa hivyo Oktoba 2018 Waganda walipopata daraja jipya la Nile pale Jinja, na Juni 2025 zamu ikawa ya Kigongo–Busisi, kilomita 3 na ushee juu ya Ziwa Victoria. Tunatumiana, tunajisifu, tunawaonyesha wenzetu darasani. Sina ugomvi na hilo, raha jipe mwenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba katika mazungumzo yote hayo sijamsikia hata mmoja wetu akiuliza swali la kizee: hivi daraja linakufaje?

Nauliza hasa kwa madaraja ya chuma, maana hayo ndiyo ninayoyasomea. Wengi wetu, hata tulio kwenye uhandisi, tunadhani daraja la chuma linakufa siku likibebeshwa mzigo kupita kiasi. Lori kubwa linapita, chuma kinashindwa, kwisha habari. Hutokea, lakini si ndivyo madaraja mengi yanavyougua. Daraja lililochomelewa huugua taratibu, kwa mizigo ambayo linaiweza kabisa, ila imepita juu yake mara milioni kadhaa. Chukua waya wa kutundikia nguo. Huwezi kuukata kwa kuuvuta. Ukunje, ukunjue, ukunje tena, mara ya ishirini hivi unabaki na vipande viwili mkononi. Huo ndio uchovu wa metali, na kwenye daraja kila lori ni mkunjo mmoja mdogo sana.

Ufa wenyewe hauanzii popote tu. Kwa kawaida unaanzia pale mshono wa kuchomelea unapokutana na bamba, kwenye kiukingo kile ambacho ukipitisha kucha unahisi imekwama kidogo. Umbo linabadilika ghafla hapo, kwa hiyo mkazo unajazana. Ndani ya ukingo huo kuna vichembe vya takataka za kuchomelea vilivyozama kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita, yaani ufa umeshazaliwa kabla boriti haijatoka karakanani. Halafu mshono unapopoa unataka kusinyaa, chuma kinachouzunguka kinakataa, basi sehemu ile inabaki imevutwa karibu na kikomo chake hata kabla baiskeli moja haijapita juu. Ndiyo maana kununua chuma kigumu zaidi hakusaidii. Unaweza kulipia chuma chenye nguvu mara mbili na mshono usijali hata kidogo. Uchovu wake uko palepale. Hili nililisikia darasani nikadhani profesa anatania.

Kanuni za AASHTO, ambazo ndizo tunazofundishwa hapa Marekani, zinapanga viungo kwa makundi kuanzia A ambayo ni bamba tupu, hadi E na nyingine mbaya kuliko E. Linganisheni hizo mbili za mwisho na mwanzo: kwa mkazo uleule unaopanda na kushuka, bamba tupu linatarajiwa kuishi zaidi ya mara 60 ya kiungo cha kundi la mwisho. Chuma kilekile, kiwanda kilekile. Kilichoongezeka ni mshono uliowekwa mahali pabaya.

Mimi naishi Haltom City, mji mdogo uliobanwa pembeni mwa Fort Worth, kodi inavumilika na karakana za chuma ziko jirani. Ukikaa hapa huwezi kukwepa madaraja. Barabara ya I-820 ilijengwa upya na kufunguliwa Oktoba 2014, njia juu ya njia. Mkitazama kwa makini mtaona Texas wanapenda zaidi boriti za zege. Chuma wanakihifadhi kwa zile njia za juu zinazopinda. Na huko Dallas katikati ya mji kuna I-345, barabara ya juu ya miaka ya 1970, ambayo boriti zake za chuma zilipata nyufa za uchovu hadi idara ya barabara ya jimbo ikalazimika kuingia kuzikarabati. Mwaka 2022 idara hiyo ikapendekeza iondolewe, barabara ishushwe kwenye mtaro chini ya usawa wa mitaa. Kuna sababu nyingi za mpango huo, nyingine za mipango miji tu. Lakini nyufa zilikuwepo, na huyu ni tajiri, ana wakaguzi na bajeti.

Tajiri mwenyewe sheria yake ya ukaguzi hakuipata kwa hekima. Desemba 1967 daraja la Silver Bridge kwenye mto Ohio lilianguka likaua watu 46, na ndipo ukaguzi wa kila miezi 24 ukawa sheria ya nchi nzima. (Lile halikuwa na tatizo la mshono, lilikatika kiungo kimoja cha mnyororo, ila funzo la ukaguzi ni lilelile.) Na bado, Mei 11, 2021, kule Memphis kwenye daraja la I-40 juu ya Mississippi wakakuta boriti kuu imepasuka karibu yote, na chanzo kikaonekana ni kwenye uchomeleaji wa tangu zamani. Walipochunguza picha za nyuma, ufa ulionekana miaka kadhaa kabla. Mtu alikuwa amepita kwa mtumbwi chini yake akaupiga picha mwaka 2016 bila kujua amepiga nini! Daraja likafungwa hadi mwanzoni mwa Agosti, malori yote yakahamia daraja jingine la zamani zaidi.

Kuna kisa kimoja ambacho ningependa kila mwanafunzi wa uhandisi akijue, ingawa si cha daraja. Machi 27, 1980, jukwaa la mafuta la Alexander L. Kielland lilipinduka kwenye Bahari ya Kaskazini upande wa Norway. Walikuwemo watu 212, wakafa 123. Mguu mmoja kati ya mitano ulitoka. Kwa nini? Kwenye nguzo mojawapo ya kuushikilia mguu ule walikuwa wamechomelea kishikizo kidogo cha kifaa cha kusikilizia sauti majini. Kishikizo chenyewe hakikubeba mzigo wowote wa maana. Mshono wake ulikuwa wa milimita 6. Wasanifu hawakukihesabu kama sehemu ya muundo, ilikuwa kama kupigilia msumari wa kuning'inizia kalenda. Ufa ukaanzia kwenye mshono ule, mawimbi yakaukuza, nguzo ikakatika, na nyingine zikafuata. Mafundi wangapi nyumbani wanachomelea kibano cha bomba la maji au cha taa kwenye boriti ya daraja bila kumwuliza mtu? Ukiniuliza mimi, bango la "usichomelee kitu hapa" lina thamani kuliko tani 10 za chuma cha ziada.

Na Seoul, Oktoba 21, 1994, daraja la Seongsu lilianguka asubuhi watu wakienda kazini na shuleni. Lilikuwa na umri wa miaka 15 tu. Walikufa 32. Uchomeleaji mbovu ulitajwa kati ya sababu kubwa. Korea wakati ule ilikuwa nchi inayojenga haraka na kujivunia kujenga haraka. Naomba tusome hiyo sentensi tukijifikiria sisi wenyewe.

Sasa habari njema, maana sikuandika ili kuwatisha. Ukingo wa mshono unatibika. Njia ya kwanza ni kuusaga kwa kisagio kidogo chenye kichwa cha mviringo, kinachozunguka mara elfu 15 na zaidi kwa dakika, hadi zile takataka ziondoke na ukingo uwe na mteremko laini. Lazima uingie angalau nusu milimita chini ya kasoro inayoonekana, lakini usizidi milimita 2, la sivyo unapunguza bamba. Na mikwaruzo ya kisagio ifuate uelekeo wa mkazo, isiukate. Njia ya pili ni kuuyeyusha tena ukingo kwa moto wa umeme wa sindano ya tungsteni chini ya gesi ya argoni, hauongezi chuma, unalainisha tu. Inahitaji mkono mtulivu kwelikweli. Ya tatu ni kuugonga. Nyundo ya hewa, au kifaa chenye pini zinazotetemeshwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, kinaukandamiza ukingo hadi ile hali ya kuvutwa inageuka kuwa ya kubanwa. Ufa hauwezi kufunguka kirahisi mahali palipobanwa. Kifaa hicho cha mawimbi kilianza Urusi ya Kisovieti, kwa ajili ya nyambizi, mnamo miaka ya 1970. Baadaye kikavuka huku, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, wakakijaribu hata kwenye nguzo za taa za barabarani, zile zenye mkono mrefu unaotikiswa na upepo.

Inasaidia kiasi gani? Mapendekezo ya Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji yanaruhusu kuhesabu kwamba mshono uliosagwa au kuyeyushwa upya vizuri unavumilia mkazo wa asilimia 30 zaidi. Msiseme 30 ni kidogo. Umri wa mshono unakwenda kwa mraba wa tatu wa mkazo, kwa hiyo 30 hiyo ni umri zaidi ya mara mbili. Kwa kugonga, kwenye chuma chenye nguvu zaidi, wanaruhusu hadi asilimia 50, na hapo umri unazidi mara tatu. Huko Connecticut, daraja la Yellow Mill Pond lililofunguliwa 1958 lilikutwa na nyufa mwaka 1970 kwenye miisho ya mabamba ya nyongeza. Timu ya John Fisher wa Chuo Kikuu cha Lehigh ikaitibu mishono kwa kugonga na kuyeyusha daraja likiwa palepale, magari yanapita. Kwa kweli kugonga kunafaa zaidi daraja likiwa limeshabeba uzito wake lenyewe.

Si dawa ya kila ugonjwa, tusidanganyane. Ufa ukianzia ndani, kwenye mzizi wa mshono ambako jicho halifiki, hata ukiusaga ukingo ung'ae kama kioo hujafanya kitu. Lori lililozidishiwa mno linaweza kufuta faida yote ya kugonga kwa kupita mara moja au chache. Na njia bora kuliko zote ni kutouweka mshono mahali pabaya tangu mwanzo: bamba la nyongeza liishie kwa bolti, kona isikutanishe mishono mitatu. Hilo halihitaji mashine, linahitaji msanifu mwenye kumbukumbu.

Nilipata nafasi ya mafunzo ya vitendo kwenye karakana moja hapa jirani, jina lake halina umuhimu. Fundi aliyenionyesha kusaga ni mzee wa Kivietnam, Kiingereza chake na changu tulielewana kwa mikono zaidi. Alikuwa akisaga, anafuta, anapitisha kidole, anasaga tena. Mshono wa urefu wa mkono ulimchukua muda niliodhani amesahau kazi nyingine. Kisha akaniambia niukague kwa kioo cha kukuzia. Nikamwambia uko sawa. Akacheka, akaniwekea rangi ya kutafutia nyufa, tukaona kistari chekundu chembamba kama unywele. Akausaga tena bila kusema neno. Nikawaza mafundi wa Gerezani na wa Gikomba, wenye mikono hiyohiyo, ambao hakuna aliyewaambia kwamba baada ya mshono kukamilika kuna kazi nyingine.

Jamaa yangu wa Houston, Mkenya anayesoma biashara, nilipomweleza haya akanikatisha. "Ndugu yangu, watoto kwetu wanavuka mto kwa kamba, na wewe unataka kupaka mishono poda? Jengeni kwanza, kusaga baadaye." Ni hoja nzito na siipuuzi. Lakini baadaye hiyo haiji. Bajeti ya matengenezo ndiyo ya kwanza kukatwa, kila mtu anajua. Na hatuzungumzii kila mshono. Kwenye daraja moja ile mishono hatari, ya makundi ya mwisho, inahesabika. Ukiisaga boriti ikiwa bado chini karakanani, kwenye kivuli, ni saa za fundi na bei ya vichwa vya kisagio. Ukiisaga miaka 20 baadaye ni jukwaa la kuning'inia juu ya mamba na barabara iliyofungwa.

Nikamrudisha Houston kwake. Daraja moja lililobomolewa huko lilitoa boriti mbili za sanduku, watafiti wa Austin wakazisimamisha upya kama daraja kamili. Mwaka 2006 wakalikata kwa baruti bamba la chini la boriti moja, likiwa limebebeshwa uzito wa lori. Halikuanguka. Wakaongeza jeraha, na mwaka 2009 ikabidi walirundikie mzigo wa mara kadhaa ya lori halali ndipo likakubali kushindwa. Jamaa akasema, si unaona? Chuma kinasamehe! Ndiyo, kinasamehe, mahali ambapo kuna mtu wa kwenda kutazama chini yake kabla msamaha haujaisha.

Na hapa ndipo hesabu za darasani za Texas haziwezi kubebwa kwenye begi kwenda nyumbani kama zilivyo. Lori la kawaida hapa mwisho wake kisheria ni ratili 80,000, kama tani 36. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56 kwa lori lenye ekseli za kutosha. Kwa boriti ndefu inayobeba lori zima, weka kwenye mraba wa tatu: lori letu moja halali linachosha mshono zaidi ya mara 3 na nusu ya lori la hapa. Halali, sijasema lililozidisha. Utaniambia kwetu malori ni machache. Kasimame Vigwaza au Mariakani saa 12 jioni uyahesabu.

Ndiyo maana nina msimamo kuhusu mizani. Oktoba 2013, Waziri wa Ujenzi wa Tanzania wakati huo, hayati John Magufuli, aliufuta ule msamaha wa asilimia 5 ya uzito wa ziada. Wenye malori wakagoma, foleni zikawa ndefu, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaingilia kati na msamaha ukarudi. Watu wakasema, asilimia 5 ni nini, gunia chache tu? Kwa mshono, asilimia 5 ni karibu asilimia 16 ya uchovu wa ziada. Ukizidisha kwa robo, uharibifu unakaribia mara mbili. Kwa hili nilikuwa upande wa Magufuli, mengine tutabishana siku nyingine. Ubishi ule ulihusu lami peke yake, kana kwamba lori likifika kwenye daraja linapaa.

Kuna jambo jingine linalonikosesha raha, nalo ni madaraja ya paneli, yale tunayoyaita Bailey. Ni uvumbuzi wa ajabu wa vita vya pili vya dunia, na mafuriko yakikata barabara, kama kimbunga Hidaya kilivyoikata ya kwenda Lindi pale Somanga Mei 2024, madaraja ya namna hii ndiyo mkombozi. Lakini paneli moja ni mkusanyiko wa vyuma vilivyochomeleana kila kona, na ilibuniwa iwe ya muda. Inafungwa hapa, inafunguliwa, inahamishiwa kule. Daftari la kuonyesha paneli ile imeshapitiwa na malori mangapi, na wapi, liwepo na lisomwe. Hiyo si teknolojia. Ni kalamu na nambari iliyogongwa kwenye chuma.

Kwa wenzangu mlio kwenye uhandisi: mkitafuta mada ya tasnifu, acheni kidogo nyaya na minara, chukueni mshono. Profesa wenu atafurahi, na mkirudi mtakuwa wachache wenye kujua. Mlio kwenye ualimu wa ufundi, fikirieni jinsi VETA na vyuo vya Kenya na Uganda vinavyoweza kuongeza wiki mbili za kusaga na kugonga kwenye kozi ya kuchomelea. Na ninyi wa sheria na manunuzi ndio ninaowahitaji zaidi, maana mkandarasi hafanyi asichoandikiwa. Nataka kusoma jibu lenu toleo lijalo: kifungu kinachosema mishono ipi itibiwe, nani aikague, na sahani ya majaribio ipelekwe wapi, kiandikweje ili mzabuni wa bei ya chini asikiruke?

Kwenye mkutano wa mwezi ujao nitakuja na sahani mbili za chuma, moja imesagwa na moja haijasagwa. Mtapitisha kucha wenyewe.